Barua kutoka Oxford: Dau la Mahubiri

Ndugu zangu wa Muheza, Tanga na popote safu hii inapofika,

 

Msomaji mmoja ameniandikia kwa hasira. Anasema Waingereza ndio waliotuletea dini, na sasa kazi yao ni kuifanyia mzaha kwenye televisheni. Amemwona Mr Bean akisinzia kanisani wakati wa mahubiri mpaka akaporomoka kutoka kwenye benchi, na wanawe wakacheka. Anataka nimwambie kama watu hawa bado wana hofu ya Mungu. Hilo la hofu ya Mungu nawaachia maaskofu. La mzaha nitalijibu, maana nalitazama kwa karibu, tena nikiwa kazini.

Nahudumu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Jumamosi jioni BBC hurudia Dad's Army, mchezo uliotengenezwa kati ya 1968 na 1977. Unahusu wanaume waliobaki nyumbani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wengi wao wazee, wakajitolea kuulinda mji wao mdogo wa pwani dhidi ya jeshi la Hitler. Kamanda wao, Kapteni Mainwaring, ni meneja wa benki anayejiona jenerali. Vita vyake anavipanga ndani ya ofisi ya padri, kwenye ukumbi wa kanisa. Padri mwenyewe ananuna, analalamika, anafukuzwa, anarudi kudai meza yake. Ukimtazama utadhani waliomtunga wana kisasi na watu wa kanisa. Kumbe aliyemwigiza, Frank Williams, alikuwa Mwanglikana wa kweli kweli, hata akawa mjumbe wa Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza. Alikijua alichokuwa anakitania.

Na ndivyo ilivyo kwa wachekeshaji wao wengi wa zamani. Ni utani wa watu wa nyumba moja. Jane Austen, aliyetuchorea Bwana Collins, padri mjipendekezaji kupindukia katika Pride and Prejudice ya 1813, alikuwa binti wa padri, na amezikwa ndani ya Kanisa Kuu la Winchester. Lewis Carroll aliyemtunga Elisi alikuwa shemasi hapa hapa Oxford, akifundisha hisabati katika chuo cha Christ Church. P. G. Wodehouse alikuwa na ndugu wanne wa wazazi wake ambao wote walikuwa mapadri. Mtoto akilelewa karibu na mimbari namna hiyo, atamjua padri akiwa amevaa kanzu na akiwa amevaa malapa.

Huyo Wodehouse nimeletewa na mzee mmoja ninayemhudumia. Alikuwa padri wa kijijini kabla ya kustaafu. Miguu imegoma, akili haijagoma. Namwita Babu. Nilimfundisha shikamoo, naye huitikia marahaba kwa sauti ya mimbarani. Macho yake hayawezi tena maandishi madogo, kwa hiyo nikimaliza zamu humsomea kurasa mbili tatu. Tulianza na hadithi ya mwaka 1922 ambamo vijana wa kitajiri, wakiwa hawana la kufanya mashambani, wanabeti ni padri gani wa eneo lile atakayehubiri kwa muda mrefu zaidi Jumapili. Wana orodha, wana mchezesha kamari, wana saa. Na ili mambo yawe ya haki, mapadri wanaojulikana kwa mahubiri mafupi wanapewa dakika za kuanzia. Mwisho wake siusemi, mtafute kitabu. Ila mjue tu kwamba mikeka huchanika hata kanisani.

Siku moja tukafika kwenye kitabu cha Wodehouse cha 1938, The Code of the Woosters. Kijana Bertie anaamka na uchovu wa pombe, kichwa kinamuuma, na maumivu yake anayalinganisha na kazi ya Yaeli mkewe Heberi. Nilicheka mpaka nikaweka kitabu chini. Babu akacheka. Mfanyakazi mwenzangu, binti wa Kiingereza aliyezaliwa na kukulia hapa, akatutazama sisi wawili kisha akauliza: huyo Yaeli ni nani?

Nikamweleza habari ya Sisera aliyekimbilia hemani, akapewa maziwa, akafunikwa, akalala, na kigingi cha hema kilichoingia kwenye paji la uso. Akashtuka kwamba maneno hayo yamo kwenye Biblia. Sisi wa shule ya Jumapili ya Muheza tulikijua kigingi kile kabla ya kujua jedwali la kuzidisha.

Tangu siku ile nayatazama malalamiko ya msomaji wangu kwa jicho jingine. Vichekesho vile viliandikiwa watu waliokuwa na Waamuzi, Zaburi na Kitabu cha Sala vichwani mwao, kwa kupenda au kwa kuchapwa. Wajukuu wao hawanavyo tena. Mzaha umebaki rafuni, ufunguo wake tunao sisi tuliokuja na viza za kazi, ambao Jumapili tunajaza makanisa yaliyokuwa yanaelekea kufungwa. Wachekeshaji wa siku hizi nao huitania dini, lakini wengi wanatania kitu ambacho hawakukaa nacho, na mimi nawaona wanachosha. Si kwamba wananikwaza. Hawana habari za kutosha.

Jumapili nikiwa na nafasi huenda Headington Quarry, kwenye kanisa la Utatu Mtakatifu. Hapo ndipo aliposali C. S. Lewis, mtani mwingine wa nyumba hiyo hiyo, akipenda kuketi nyuma ya nguzo, na nje ndipo alipozikwa mwaka 1963. Mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto, alikuwa kwenye ibada ndani ya kanisa hilo alipopata wazo la barua za shetani mkongwe anayemfundisha kazi mpwa wake: namna ya kumpoteza Mkristo mmoja wa kawaida bila kelele, kwa kumfanya achukizwe na viatu na sauti ya jirani yake kanisani. Zilitoka kitabuni 1942, zikiwa 31. Mpeni mzee wa kanisa yeyote azisome, mtaona akicheka ukurasa wa kwanza na kunyamaza wa tatu.

Na Mr Bean? Ile kwaya inayoimba Kilatini anapoanguka kutoka mbinguni ni kazi ya mtunzi Howard Goodall. Huyo huyo ndiye aliyetunga muziki wa Zaburi ya 23 kwa ajili ya The Vicar of Dibley, kichekesho cha padri mwanamke kilichoanza Novemba 1994, miezi michache baada ya Kanisa la Uingereza kuwapa upadri wanawake 32 kule Bristol. Kwetu jambo hilo bado dayosisi moja hukubali na nyingine hukataa, na sitalimaliza kwa barua. Ila wimbo ule umetoka kwenye kichekesho ukaingia kanisani; kwaya zinauimba harusini na misibani.

Tena tusijifanye wageni wa dini kukaa na kicheko. Askofu Steere wa Zanzibar, yule aliyehangaika na tafsiri ya Agano Jipya, ndiye pia aliyekaa kuandika kisa cha punda wa dobi kama alivyosimuliwa, akakichapisha mwaka 1870. Na Mwalimu Nyerere, mtu wa misa ya asubuhi, alitafsiri Mabepari wa Venisi, na baadaye akaitia Injili katika tenzi.

Juzi tulimpeleka Babu kwenye ibada yetu ya Kiswahili, ambayo hufanyika mchana Waingereza wakishaondoka. Mhubiri alikuwa mgeni. Alianza na Ibrahimu, akapitia Misri, akasema “kwa kumalizia” mara tatu, na kila mara akaanza upya. Nilidhani Babu amesinzia. Kumbe alikuwa ameivua saa yake ya mkononi, kaiweka mapajani. Njiani akaniuliza, bila hata kutabasamu, kama mhubiri yule atakuwepo Jumapili ijayo, kwa sababu hata wenzake wote wakipewa nusu saa ya kuanzia, yeye pensheni yake angeiweka kwa huyu.