Siku Mbili Melaka kwa Mfuko Mwembamba

Ndugu msomaji, Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi na tuzingatie habari za waliotutangulia. Wengi wetu hudhani kwamba safari za namna hiyo ni za matajiri. Makala haya ni ushahidi mdogo kwamba sivyo.

Tulikuwa wawili: katibu wa kamati ya msikiti, ambaye ndiye mwandishi, na mweka hazina wetu, mzee mstaafu mwenye hesabu kali. Tulialikwa Kuala Lumpur, Malaysia, kwa mafunzo ya siku kumi juu ya uendeshaji wa wakfu. Jumamosi na Jumapili hapakuwa na darasa. Wenzetu walikwenda madukani. Sisi, ambao mifukoni tulikuwa na posho ya chakula tu, tukachagua kwenda Melaka, mji wa kale wa bandari ulio kusini, mwendo wa saa mbili kwa basi. Mzee alipitisha bajeti ya ringiti 150 kwa kila mtu, ambazo kwa wakati ule hazikuzidi shilingi 90,000 za Tanzania.

Hatuna budi kukiri kwamba tulisafiri na mzigo mwingine. Nyumbani tuliacha kamati imegawanyika. Msikiti wetu ni wa mawe ya matumbawe na boriti, umerithiwa kwa mababu, paa lake linavuja, na kinamama hawana sehemu. Usiku wa Tarawehe huswali nje chini ya mwembe. Mfadhili mmoja aliahidi kutujengea msikiti mpya wa ghorofa, kwa sharti kwamba wa zamani uvunjwe. Mweka hazina aliunga mkono, katibu alipinga, na barua ya kukubali ilikuwa inasubiri sahihi zetu tutakaporudi.

Basi lilitushusha kituo kikuu cha Melaka kabla ya adhuhuri, na basi la mjini likatufikisha kwenye uwanja wa majengo mekundu ya Waholanzi, penye ofisi kongwe ya utawala iitwayo Stadthuys na kanisa lililokamilika mwaka 1753. Hapo hujaa baiskeli za kukodi za magurudumu matatu, zimepambwa kwa maua ya plastiki na kupiga muziki wa kuziba masikio. Mzee aliuliza bei, akatabasamu, tukatembea kwa miguu. Mji wa kale ni mdogo. Anayeweza kutembea hana haja ya usafiri.

Chini ya kilima cha Mtakatifu Paulo tulisimama mbele ya lango la mawe lililobaki peke yake. Melaka ilikuwa dola ya Kiislamu yenye nguvu katika karne ya 15, na mlango wake wa bahari uliunganisha biashara ya China, Bara Hindi na Arabuni. Mwaka 1511 Mreno Afonso de Albuquerque aliuteka mji, Sultani Mahmud Shah akakimbia, na ngome ikajengwa. Imeandikwa kwamba mawe mengine yalitolewa katika misikiti na makaburi ya wafalme. Waholanzi waliichukua mwaka 1641, na Waingereza wakaibomoa mwanzoni mwa karne ya 19, wakabakisha lango hilo moja.

Msomaji wa pwani yetu hawezi kuyasikia hayo kama habari za mbali. Miaka sita tu kabla ya hapo, mwaka 1505, Wareno hao hao walizishambulia Kilwa na Mombasa. Tena Tomé Pires, Mreno aliyeishi Melaka muda mfupi baada ya kutekwa kwake, alipoorodhesha wafanyabiashara waliokuwa wakifika bandarini hapo, aliwataja watu wa Kilwa na wa Malindi. Kwa hiyo sisi hatukuwa wa kwanza kutoka kwetu kufika Melaka. Tulichelewa tu kwa karne tano.

Undugu huo unasikika hata katika lugha. Wamalai husalimiana kwa kuuliza "apa khabar", yaani habari gani. Karatasi kwao ni "kertas", sabuni ni "sabun", daftari ni "daftar", na dunia ni dunia. Chakula nacho hakikutupa ugeni. Asubuhi tulikula "nasi lemak", ambao ni wali wa nazi kwa dagaa wa kukaanga na pilipili, na jioni mishikaki waiitayo "satay". Tahadhari moja kwa familia: mtaa wa Jonker, wenye soko la usiku mwishoni mwa wiki, una wapishi wengi wasio Waislamu, hivyo tazameni alama ya halali au ulizeni kabla ya kuketi. Hakuna anayekasirika kuulizwa.

Alasiri tulifika Msikiti wa Kampung Kling. Uliasisiwa kwa mbao mwaka 1748 na wafanyabiashara Waislamu wa Kihindi, ukajengwa upya kwa matofali mwaka 1872. Hauna kuba. Paa lake lina ngazi tatu, mnara wake unafanana na majengo ya Kichina, na vigae vyake vilitoka Ulaya. Mtaa huo huo una hekalu la Wachina na la Wahindu, hatua chache kutoka msikitini. Lakini kilichotusimamisha ni birika la wazi la kutawadhia, lenye maji yaliyotulia. Msikiti wetu una birika kama hilo, nasi tulilijaza kifusi zamani tulipoweka mabomba.

Mtu mmoja wa makamo alitukaribisha, akasema yeye ni bilal. Tulidhani ndilo jina lake. Kumbe Wamalai humwita hivyo kila muadhini, kwa kumuenzi Bilal bin Rabah, Mhabeshi, muadhini wa Mtume (S.A.W.). Alipojua kwamba tumetoka Afrika, alitushika mikono yote miwili.

Tulipokaa barazani, Mzee alisema, "Umeona, Katibu? Hata hawa walivunja ule wa mbao."

"Ni kweli, Mzee wangu, lakini walijenga palepale, na birika liko."

"Birika halisitiri kinamama na mvua."

Katibu hakuwa na jibu, kwa sababu maneno hayo yalikuwa ya haki. Misikiti tuliyoingia kule ilikuwa na sehemu ya wanawake, na mavazi meupe ya kuswalia yametundikwa tayari kwa wapita njia. Katika Msikiti wa Mlango Bahari wa Melaka, uliofunguliwa mwaka 2006 juu ya kisiwa cha kutengenezwa na unaoonekana kuelea maji yajaapo, tuliona familia nzima zikiingia kwa Magharibi, baba, mama na watoto. Tulikumbuka mwembe wetu, tukaona haya.

Jibu lilikuja alfajiri, tena kwa Mzee mwenyewe. Tuliswali katika kimsikiti karibu na nyumba ya wageni. Imamu alisoma kunuti kama kwetu, maana nao ni Mashafii. Baada ya swala Mzee alisimama muda mrefu mbele ya ubao wa matangazo uliobandikwa mapato na matumizi ya mwezi. Mstari mmoja ulikuwa akiba ya matengenezo ya jengo. Akahesabu kwa vidole, kisha akasema, "Katibu, miaka kumi na mbili nimeshika hazina, sijawahi kutenga hata senti ya paa. Uzee haukuliharibu lile jengo. Tuliliharibu sisi. Na hilo ghorofa nalo litavuja."

Tuliporudi Kuala Lumpur kila mmoja alikuwa amebakiwa na ringiti 22. Ndani ya basi tuliandika barua nyingine, tukiwa na kauli moja: kuta na mihrabu vibaki, paa lijengwe upya, birika lifukuliwe, na nyuma iongezwe sehemu ya kinamama yenye mlango wake. Kamati imeipitisha. Mfadhili, hadi tunaandika makala haya, hajajibu, na huenda akajiondoa. Lakini kila Ijumaa sasa sehemu ya sadaka hutengwa kwa ajili ya paa, na hesabu hubandikwa mlangoni. Kinamama bado wako chini ya mwembe. Hilo ndilo deni letu la kwanza, na tunaomba dua zenu tulilipe kabla ya Ramadhani.