Nyalukemba: Seremala mkimbizi na kitako cha bunduki ya mchezo

Katika kata ya Nyalukemba, komine ya Ibanda, hapa Bukavu, kuna seremala ambaye majirani humwita Fundi tu. Alikimbia Minova mwezi Januari 2025, vita vilipofika huko, akiwa na bibi yake, watoto wanne na msumeno mmoja. Meza yake ya kazi, randa zake na kitanda cha harusi alichokuwa karibu kumaliza, vyote vilibaki. Leo familia inakaa kwa shemeji, upande wa Nguba, katika vyumba viwili. Yeye anafanya kazi chini ya bati la seremala mwenzake aliyemwazima kona ya meza.

Tangu Februari 2025 kazi ya mbao imekuwa ngumu mjini. Benki zilifunga milango, kiwanja cha ndege cha Kavumu kikanyamaza, na watu waliokuwa wakiagiza makabati wakaanza kuomba tu kurekebishiwa mguu wa kiti. Kwa hiyo ujumbe ulipoingia kwenye simu kutoka Ubelgiji, ukitaja dola 120 kwa kazi moja, Fundi aliusikiliza mara tatu.

Aliyetuma ni mpwa wake, mtoto wa dada yake, anayeishi Liège. Alitaka mjomba wake amchongee kitako cha bunduki.

Si bunduki ya kuua. Kijana huyo hucheza mchezo unaoitwa easofti. Ulianzia Japani katika miaka ya 1970, nchi ambako sheria inawabana sana raia wasimiliki silaha za kweli. Bunduki zake hurusha vidonge vya plastiki vyenye upana wa milimita 6, kwa nguvu ya springi, gesi au betri. Wachezaji huvaa miwani ya kukinga macho, hugawanyika makundi mawili msituni au katika jengo tupu, na anayeguswa na kidonge huinua mkono na kutoka. Jioni wote wanarudi nyumbani wakiwa wazima. Bunduki nyingi za namna hiyo hutoka kiwandani na kitako cha plastiki, na wanaoupenda mchezo huagiza cha mti, kwa sababu mti hauna baridi shavuni na kila kipande kina sura yake. Kijana alitaka mti wa nyumbani. Alitaka libuyu.

Bibi yake Fundi aliposikia habari hiyo alisema neno moja: "Baba watoto, tulikimbia bunduki. Sasa wewe unataka kuileta nyumbani?"

"Ni mti tu, mama."

"Mti unaofanana na nini?"

Siku hiyo Fundi hakujibu. Lakini kulikuwa na deni la dukani na pesa ya shule ya watoto wawili. Kesho yake alitoka kwenda kutafuta mbao.

Kazi yenyewe haikumtisha. Tangu utotoni amechonga mipini ya majembe na mashoka, na kitako cha bunduki kinafuata sheria ileile ya mpini. Nguvu ya mti iko katika nyuzi zake. Nyuzi zikienda sambamba na urefu wa mpini, shoka litapasua kuni miaka mingi. Zikikatiza upande, siku moja mpini utavunjika mkononi. Kitako kina sehemu moja nyembamba, shingo, pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatulio. Hapo ndipo hupasuka. Fundi mwema huugeuza ubao mara nyingi kabla ya kuchora, mpaka aone nyuzi zinapita shingoni moja kwa moja bila kukatwa. Ulaya hupenda mti wa jozi kwa kazi hiyo, kwa kuwa ni mgumu bila kuwa mzito na haupindi ovyo ukishakauka.

Jambo la pili ni ukavu. Mafundi huhesabu karibu mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Kitako kinahitaji ubao wa sentimita tano hivi, yaani miaka miwili ya kungoja. Mbao nyingi zinazouzwa mjini bado zina maji ndani. Fundi alizunguka Kadutu siku nzima, na mwishowe akapata alichotaka kwa mtu aliyekuwa anabomoa nyumba ya zamani: fremu ya mlango ya libuyu, nyekundu, nzito, iliyokauka kwa miaka mingi. Alipoipitisha randa, rangi ikatoka kama chai ya rangi iliyokolea.

Mpwa akatuma vipimo. Kutoka kifyatulio mpaka begani, sentimita 34. Akatuma pia picha ya kitako cha plastiki kikiwa kimelala juu ya meza, na rula kando yake. Fundi aliichora kwenye karatasi, akapima tena kwa rula, akakata karto ya boksi iwe mfano wa kufuata.

Hiyo karto ndiyo iliyobadilisha mambo. Fundi aliiweka juu ya meza akaenda kunywa maji. Aliporudi haikuwepo. Mtoto wa jirani, wa miaka kama tisa, alikuwa ameichukua, ameiegemeza begani na kukimbilia barabarani akipiga kelele za risasi kwa mdomo. Mama mmoja aliyebeba beseni la ndizi alijitupa ukutani. Mwendesha moto alikata kona ghafla akaanguka na abiria wake. Hakuna aliyeumia sana. Ndizi ziliokotwa, mtoto alipigwa kofi na shangazi yake, watu wakacheka kicheko cha watu walioogopa.

Fundi hakucheka. Ilikuwa karto ya boksi ya sabuni, haina hata unene wa kidole, na watu wazima watatu walikuwa wameanguka.

Bukavu ilisikia bunduki mwaka 1996, ikasikia 1998, ikasikia 2004, ikasikia tena 2025. Katika mji kama huu jicho halingoji kujua kama kitu ni mti, plastiki au chuma. Linaona umbo, na miguu inakimbia. Na yule mwenye bunduki ya kweli naye ana jicho lilelile, naye pia hangoji. Haya hayatokei kwetu tu. Marekani sheria inataka bunduki za kuchezea ziwe na alama ya rangi ya chungwa mdomoni. Tarehe 22 Novemba 2014, katika mji wa Cleveland, mtoto wa miaka 12 alikuwa akichezea bastola ya easofti kwenye uwanja wa mapumziko. Alama hiyo ilikuwa imeondolewa. Polisi walifika na gari, na kabla hata ya kumjua ni nani, mmoja wao alimpiga risasi. Alikufa kesho yake. Hakuna vita Cleveland.

Sasa fikiri mtu amebeba kitako kilichokwisha kuchongwa na kung'arishwa, amekifunga kwenye gunia, anakipeleka kwa msafiri. Bariere ya kwanza wanamwambia afungue gunia. Atasema nini? Kwamba ni cha mchezo? Mchezo gani? Wa nani? Na hata kabla ya bariere, kitako hicho kingelala siku nyingi chini ya bati ambako watoto wa parsela nzima hupita.

Usiku ule Fundi alirekodi sauti ndefu kwa mpwa wake. Alimwambia hatachonga kitako. Atamtayarishia ubao: ameuchagua, amezitazama nyuzi, ameunyoosha pande zote nne, na ataandika kwa penseli upande mmoja mshale tu, kuonyesha shingo ipite wapi. Kuchonga atachonga mwenyewe kulekule, mahali ambapo umbo hilo halimkimbizi mtu. Bei haitakuwa dola 120. Itakuwa 50, na masomo kwa simu.

Kijana alikasirika kidogo. Alisema hajawahi kushika patasi. Alisema kule Liège ni mji wa bunduki tangu zamani, kiwanda cha FN kilianzishwa kando yake, Herstal, mwaka 1889, angeweza kumlipa fundi wa huko. Fundi akamjibu kwa utulivu: "Mwana, ungetaka fundi wa huko, usingeniita mimi." Halafu akamweleza jambo ambalo kijana hakuwa amelifikiria: ndani ya kitako kuna shimo la kulaza chuma, na shimo hilo halichimbwi kwa picha. Linachimbwa na chuma chenyewe kikiwa mkononi. Kwa vyovyote vile sehemu ngumu ya kazi ingebaki Liège.

Dola 70 zilizopotea hazikuwa ndogo. Deni la dukani lililipwa, pesa ya shule ikalipwa ya mtoto mmoja, wa pili akangoja mwezi mwingine. Bibi yake Fundi hakusema kitu kuhusu hilo. Alisema tu kwamba ubao unaweza kukaa chini ya kitanda.

Kabla ya safari Fundi alipaka nta ya mshumaa kwenye ncha mbili za ubao. Mti hupoteza maji upesi zaidi nchani, na ncha zikikauka kabla ya katikati, ubao hupasuka. Libuyu iliyozoea hewa ya ziwa ilikuwa inakwenda kukaa katika nyumba inayopashwa moto wakati wa baridi, ambako hewa ni kavu sana. Ubao ulivuka Ruzizi mikononi mwa msafiri, ukaendelea kwa barabara mpaka Kigali. Mpakani waliuliza ni nini. Ni ubao. Wakautazama, ukapita kama ubao.

Masomo yalichukua miezi miwili, kwa sauti fupi fupi, siku ambazo mega zilikuwepo.

Somo la kwanza lilikuwa kungoja. Uache ubao ndani ya nyumba wiki kadhaa uzoee hewa, usiuguse. Somo la pili, funika pua na mdomo, vumbi la mbao si rafiki wa mapafu. Somo la tatu, shimo: washa mshumaa, ukipake chuma masizi yake, kilaze juu ya mti, kiinue. Pale palipobaki peusi ndipo panapogusa. Toa hapo tu, kidogo kama ukucha, ulaze tena. Ukitaka kumaliza kwa siku moja utatoa kingi, na mti hauna dawa ya kurudisha ulichotoa.

Kisha msasa. Anza na 80, uende 120, 180, 240, daima kwa kufuata nyuzi. Ukidhani umemaliza, pitisha kitambaa chenye maji kidogo. Vinyweleo vya mti vitasimama. Uache ukauke, upige msasa tena. Fanya hivyo mara mbili au tatu, mpaka maji yasisimamishe kitu.

Mwisho mafuta. Kijana aliuliza kama anaweza kupaka mawese, apate harufu ya nyumbani. Fundi alicheka mpaka watoto wakaja kuona kuna nini. Mawese hayakauki juu ya mti. Yatabaki yananata, yatashika vumbi na kuoza. Yanayotakiwa ni mafuta ya kitani, ambayo yakikutana na hewa huwa magumu. Paka kidogo, ngoja robo saa, futa yote yaliyobaki juu, uache siku nzima. Rudia mara tano, au zaidi. Na vitambaa ulivyofutia usivikunje na kuvirundika: mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje au viloweke majini. Fundi alilirudia onyo hilo mara mbili. Mtu yeyote wa Bukavu, mji ambao moto umekwisha kuteketeza nyumba za mbao mara nyingi, angelirudia.

Picha ilifika Jumapili. Fundi hakutazama kwanza mng'ao. Aliikuza kwa vidole viwili, akatafuta shingo, akafuata nyuzi kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Zilipita bila kukatwa. Akampa bibi yake simu. Bibi akatazama kwa muda, akasema rangi ni nzuri, ni kama mlango wa kanisa.

Vipande vya libuyu vilivyobaki kwenye fremu vimekwisha kuwa kitu kingine. Kimoja ni mpini wa patasi, ambao Fundi alihitaji tangu alipofika. Kingine ni mwili wa randa ndogo. Ya chuma ni ghali, lakini seremala anayejua kazi anaweza kujitengenezea ya mti na kununua kisu chake tu. Ni chombo chake cha kwanza tangu Minova ambacho hakuazima. Wiki iliyofuata alipata kazi ya viti sita.

Ile picha ya kutoka Liège alikaa nayo jioni ile tu. Asubuhi, kabla ya kutoka barabarani na simu mfukoni, aliifuta.