Kaunta Buku

Mama alinipigia saa mbili na nusu asubuhi. Hakusubiri salamu. "Daftari lako halifunguki, na mteja wa Mkuranga yuko hapa mbele yangu."

Nilijua kosa langu kabla hajamaliza. Usiku uliotangulia nilikuwa nikisoma mambo ya usalama kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nikagundua kwamba seva ya Mama haina kinga. Nikawasha faiwolu, programu inayoamua nani aingie na nani abaki nje. Nikasahau kuiambia iniruhusu mimi. Muunganisho niliokuwa nao tayari uliendelea kufanya kazi, kwa hiyo sikushtuka. Nikafunga kompyuta, nikalala.

"Seva ya Mama" ni jina kubwa kuliko kitu chenyewe. Ni mashine pepe, kipande cha kompyuta iliyoko Frankfurt, ninachokilipia kila mwezi. Ndani yake mna orodha ya wadaiwa wa duka la mbegu na pampu za kunyunyizia dawa. Tuliipeleka huko kwa sababu ya moto. Mama alikuwa akiuza ndani ya Soko Kuu la Kariakoo, lile jengo alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 likaungua. Mali iliteketea, lakini kilichomliza Mama ni daftari la madeni. Waaminifu walikuja wenyewe kulipa. Wengine hatukuwaona tena. Alipopata fremu Mtaa wa Tandamti, nilimwahidi kwamba sasa madeni yatakaa mahali ambapo moto wa Kariakoo haufiki.

Nikafika dukani na kompyuta mgongoni. Mteja alikuwa amekaa juu ya katoni, anatazama saa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Fungua."

Siku zote huingia kwenye mashine ile kwa mlango namba 22. Huo nilikuwa nimeufunga mwenyewe, pamoja na ule ambao simu ya Mama huutumia. Ila kampuni nyingi za wingu huacha njia nyingine, konsoli. Konsoli haipiti kwenye mtandao wa mashine yako. Hupitia kwenye kompyuta halisi inayoibeba, kana kwamba umekwenda Frankfurt ukachomeka skrini na kibodi. Nikaifungua. Dirisha jeusi likaniuliza jina, nikaandika. Likaniuliza nenosiri.

Sikuwahi kuweka nenosiri. Nilizoea kuingia kwa faili la ufunguo lililomo kwenye kompyuta yangu, na nilikuwa nikijisifu chuoni kwamba nenosiri lisilokuwepo haliibiwi.

Mteja alisema deni lake ni laki tatu na nusu. Mama alisema limezidi hapo. Wote wawili wakanitazama mimi.

Mama akamwita mdogo wangu, akamnong'oneza kitu. Dogo akadandia bodaboda kwenda nyumbani Ilala, akarudi na kaunta buku lenye jalada jeusi. Mama akafungua ukurasa bila kutafuta. Laki nne na elfu ishirini, pamoja na tarehe za kila alichochukua na alicholipa. Mteja akasoma mstari kwa mstari, akahesabu noti, akaondoka kuwahi basi.

"Tangu lini unaandika huku?" nikauliza.

"Tangu intaneti ilipokatika."

Alimaanisha Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipoharibika. Frankfurt haikufikika, na mimi nilimwambia avumilie. Alivumilia. Kisha akanunua kaunta buku, akaliweka nyumbani, mbali na duka, na kila jioni akawa anaandika mara mbili bila kuniambia. Nilishukuru, na iliniuma.

Nikaendelea na konsoli. Njia iliyobaki ilikuwa kuizima mashine na kuiwasha upya, kisha kuisimamisha sekunde zile chache kabla haijaamka vizuri, ili inipe mamlaka bila kuniuliza nenosiri. Mara tatu nilichelewa. Ya nne nikaiwahi. Nikaweka nenosiri, nikawasha upya, nikaingia, nikafungua milango niliyoifunga.

Jioni tulilinganisha madaftari mawili. Hesabu zilikubaliana hadi shilingi ya mwisho. Lakini la Mama lilikuwa na maneno pembeni mwa majina. *Amefiwa, asidaiwe mpaka Agosti. Huyu mkewe ndiye mlipaji. Mpe tu.* Programu yangu haikuwa na sehemu ya kuandika hayo. Nikaiongeza usiku uleule.

Kabla hajalifunga kaunta buku, Mama akaniuliza, "Na hilo neno la kufungulia umeliweka wapi?"

Nikamwambia liko kichwani.

Akanipa kalamu. Liko ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wangu.