Bastola ya dada na swali la kaliba

Magazeti yetu yamezoea kulitumia neno kaliba kwa watu: kocha wa kaliba ya kimataifa, kiongozi wa kaliba yake. Mimi mwenyewe nimeliandika hivyo mara nyingi tu. Sasa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, kanilazimisha kulisoma kwa maana yake nyingine, yaani ukubwa wa risasi.

Dada anaishi Houston, Texas. Ni muuguzi wa zamu za usiku na ana watoto wawili. Mwenzake wa kazini aliporwa alfajiri kwenye maegesho ya magari, na tangu hapo dada akawa anawaza kununua bastola ndogo ya kubeba bila kuonekana. Akaniandikia: "Mdogo wangu, wewe si mwandishi wa habari? Hebu nitafutie. Wengine wananiambia .380, wengine 9mm, na jirani yangu anasema chini ya .45 ni kupoteza hela. Nishike ipi?"

Kwetu Tanzania kumiliki bastola ni leseni, barua, vikao na subira. Texas, tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaweza kutembea na bastola bila kibali cha kubebea. Kwa hiyo swali la dada halikuwa la kijiweni. Angeweza kuingia dukani Jumamosi na kutoka nayo. Nikaona nisome kweli.

Tuanze na namba, maana zinachanganya. .380 na 9mm zina unene ule ule, kama milimita 9. Tofauti iko kwenye ganda: la .380 lina urefu wa milimita 17, la 9mm lina 19, na la 9mm limetengenezwa kuhimili mgandamizo mkubwa zaidi wa baruti inapolipuka. Kwa hiyo .380 hutoka mtutuni na nguvu ya jouli 270 hivi, wakati 9mm hufika kama 480. Ile .45 ya jirani ni nene, zaidi ya milimita 11, na kichwa chake huwa na gramu kama 15. Lakini huenda polepole, kwa hiyo nguvu yake haiizidi 9mm kwa kiasi ambacho mashabiki wake hupenda kusema.

Na hizi si za jana. Georg Luger, Mwaustria, aliitoa 9mm mwanzoni mwa karne iliyopita. .45 na .380 zote ni kazi za Mmarekani mmoja, John Browning. Hata bastola iliyomuua Franz Ferdinand kule Sarajevo mwaka 1914 ilikuwa ya .380. Anayekwambia .380 ni ya kuchezea, mkumbushe hiyo.

Ubishi wenyewe wa kaliba ulipamba moto baada ya tarehe 11 Aprili 1986. Siku hiyo mjini Miami maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili walikufa na watano wakajeruhiwa kabla majambazi hawajauawa. Risasi moja ya 9mm ilimpata jambazi mmoja mapema, lakini ikasimama kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kupiga. FBI wakailaumu risasi. Wakahamia 10mm, ambayo maofisa wengi iliwashinda kwa jinsi ilivyokuwa ikiwarusha mikono, kisha .40 iliyotoka mwaka 1990. Wakaweka na kipimo: risasi lazima izame kati ya sentimita 30 na 45 ndani ya jeli maalumu inayofanana na nyama ya mwili.

Halafu ikawaje? Mwaka 2014 kitengo chao cha mafunzo kikaandika kwamba turudi 9mm, na wakarudi. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, vichwa vya risasi vimeboreshwa sana. Vile vyenye tundu mbele, ambavyo hufunguka vikigonga mwili, sasa vinafaulu kipimo kile hata kwa 9mm. Pili, maofisa wao wengi walipiga haraka zaidi na kulenga vizuri zaidi wakiwa na 9mm. Humo humo waliandika kitu kilichonifanya nisimamishe kusoma: polisi katika mapambano halisi hupata shabaha kwa risasi 20 hadi 30 tu katika kila 100. Hao ni watu waliofunzwa na wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Nilipopata safari ya kikazi huko, nilimsindikiza dada kwenye ukumbi wa shabaha wanakokodisha silaha. Mimi mgeni wa viza sikutakiwa kuigusa hata moja, nikakaa nyuma ya kioo na daftari langu. Alianza na .380 ndogo kabisa, ile ya kuzama mfukoni, isiyofika hata gramu 300. Wote wawili tulidhani hiyo ndiyo ya mwanamke. Kumbe risasi ndogo ndani ya chuma chepesi inapiga mkono vibaya. Hakuna uzito wa kuumeza mshtuko, na mpini wenyewe unatosha vidole viwili. Kati ya risasi kumi, tano zilipata karatasi umbali wa mita saba. Akahamia 9mm ya ukubwa wa kati, yenye uzito unaokaribia mara mbili. Tisa zikapata. Ile .45 aliipiga mara tatu, akairudisha mezani akatingisha kichwa.

Kwa hiyo kanuni niliyoandika ni hii: usichague risasi peke yake, chagua risasi pamoja na bastola inayoibeba na mkono unaoishika. .380 katika bastola nzito kidogo ni tulivu na chemchemi yake huvutika kirahisi, inamfaa mwenye mikono isiyo na nguvu. 9mm ndiyo yenye risasi za bei nafuu zaidi kwa kawaida, na bei ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu atakayeona uchungu kununua risasi hatafanya mazoezi. Zamani mtu aliyetaka 9mm nyembamba aliridhika na risasi sita au saba ndani. Tangu ilipotoka SIG P365 mwaka 2018, bastola yenye unene wa sentimita mbili na nusu inabeba kumi. Kwa .45 unabeba chache, unaumia zaidi, unakosa zaidi.

Na zile zinazokosa zinaenda wapi? Dada anaishi ghorofani, na kuta za huko nyingi ni mbao na ubao wa jasi. Risasi yoyote kati ya hizi inapita. Upande wa pili kuna familia ya Wameksiko yenye mtoto mchanga. Hapo hakuna kaliba ya kukuokoa, kuna kulenga tu, na kujua wakati wa kutopiga.

Nilipofika hapo nikamuuliza maswali ambayo muuza duka hakumuuliza. Hospitali yenu inaruhusu silaha ndani? Hairuhusu. Basi itakaa wapi usiku kucha? Kwenye gari. Sasa hapo, dada, umetoka zamu alfajiri, unavuka maegesho yale yale unayoyaogopa, na bastola iko ndani ya gari unaloliendea. Itakusaidiaje katika zile hatua mia moja? Kukawa kimya upande wa pili wa meza.

Swali la pili lilikuwa la watoto. Marekani, vifo vya watu wanaojiua ni zaidi ya nusu ya vifo vyote vya bunduki, na tangu mwaka 2020 silaha za moto ndizo zinaongoza kuua watoto na vijana wa mwaka 1 hadi 19. Kwa mtoto aliyeikuta chini ya mto, .380 na .45 ni kitu kimoja. Kwa kijana aliyekata tamaa usiku mmoja, vilevile. Sheria ya Texas yenyewe inamtia hatiani anayeiacha bastola yenye risasi mahali mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia.

Sikumwambia asinunue. Mimi siishi pale, na hofu ya mwanamke anayetembea peke yake alfajiri si yangu kuipima nikiwa Dar. Nilimwambia hivi: ukinunua, nunua 9mm, si ile ndogo kuliko zote, na upige risasi hamsini kila mwezi. Lakini kabla ya bastola, nunua sanduku la chuma la kufungia. Na kabla ya sanduku, waombe walinzi wa hospitali wakusindikize hadi kwenye gari.

La walinzi ameshalifanya. Sanduku limefika wiki iliyopita, anatafuta fundi wa kulifunga kwa boliti sakafuni. Bastola bado hajanunua.