Haki ya Kukatisha

Swali la namna programu ya kompyuta inavyopaswa kufungwa linaonekana dogo mno kwa ukurasa huu uliozoea katiba na bajeti. Silioni hivyo.

Msimu uliopita wa masoko ya tumbaku nilikaa nusu siku katika chama kimoja cha msingi wilayani Urambo. Karani kijana alikuwa akiingiza uzito wa marobota katika programu ya terminali, ile ya maandishi matupu isiyotumia kipanya. Alitaka kunakili namba ya mkulima, akabonyeza Ctrl na C kama afanyavyo katika Word. Programu ikafa palepale. Marobota 11 yakapotea kwenye kumbukumbu.

"Baba, tuanze upya," akasema.

"Mashine ni yenu, mwanangu," mzee akajibu. "Tumbaku ni yangu."

Wengi watamlaumu karani. Mimi namlaumu mtunzi wa programu. Katika Unix vitufe hivyo hukatisha kazi. Katika programu za ofisini hunakili. Mtu anayehama kati ya dunia hizo mbili kutwa nzima atateleza tu.

Wengine walikwisha kulifikiria hilo. Vim haifungi; hukuonyesha njia ya kutokea. Python, ukizungumza nayo mstari kwa mstari, huacha hesabu iliyokuwa ikiendelea na kukusubiri. Nano huuliza pale tu penye maandishi ambayo hayajahifadhiwa, na huo ndio ustaarabu, kwa kuwa swali linaloulizwa kila mara hujibiwa bila kusomwa. Katika miamala ya simu, jina la mpokeaji hutufaa kuliko "Una uhakika?" kwa sababu hutuambia jambo.

Hata hivyo, siungi mkono wanaotaka kuzima kabisa vitufe hivyo. Urambo inaujua mtambo usiosimama: mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuenea Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Programu ina haki ya kuuliza, haina haki ya kukataa. Unix yenyewe ina ishara namba 9, ambayo programu haiwezi kuizuia.

Nanyi watumishi mnaoandika vigezo vya zabuni, ongezeni mistari miwili: kila robota lihifadhiwe pindi linapopimwa, na Ctrl na C vifute mstari unaoandikwa tu.