Mafuta ya Kamio za Salamabila
Njia ya Kasongo mpaka kwetu Salamabila, penye dhahabu ya Namoya, inatesa kamio za zamani zinazobeba mpunga na mawese yetu. Motere ikikufa kwenye matope, mtaji wa kikundi unabaki pale pale. Kwa hiyo tukichanga pesa ya mafuta ya motere, tusome bidoni kwanza. Herufi C, kama CF-4, ni ya motere za mazutu. S ni za esanse. 15W-40 inafaa mazutu nyingi za zamani: 40 ni uzito wake motere ikiwa moto. Mepesi zaidi yanavuja kwenye motere iliyochakaa. Yale meusi ya kwenye chupa za maji tuyaache sokoni, hata shofere anung'unike namna gani.