Jina la Ukoo ni la Nani?

Ukikaa Dar es Salaam hutalikosa jina la Sykes. Liko katika habari za kuanzishwa kwa TANU mwaka 1954, liko katika orodha ya mameya wa jiji, na watoto wenu watawaambia juu ya Dully Sykes wa Bongo Fleva. Lakini asili yake si Pwani yetu. Ni jina la Kiingereza, na kwao hasa ni Huddersfield, mji wa viwanda vya sufu huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Kule ni jina la kawaida kama Mushi au Massawe lilivyo kwetu Kilimanjaro: ukiliita njiani hujui nani atageuka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si mtaalamu wa historia. Nimelifuatilia jina hili kwa sababu ya jambo la nyumbani kwangu, nitakalowaeleza mbele kidogo. Kwanza mnisikilize habari za jina lenyewe, maana zina utamu wake.

Watu wa kale wa Yorkshire walikuwa na neno *sike*, maana yake kijito chembamba kinachopita kwenye ardhi ya majimaji. Si mto wa kuvulia samaki. Ni maji ambayo mtoto anayaruka, na mara nyingi yalitumika kuwa mpaka kati ya shamba la huyu na la yule. Sisi tuliokulia kando ya mifereji ya mlimani tunaelewa bila kufafanuliwa. Mtu aliyeishi karibu na maji hayo akaitwa “wa kijitoni”, kama sisi tunavyosema Mama Neema wa mtoni ili asichanganywe na Mama Neema wa barabarani. Neno hilo la kumtambulisha jirani ndilo lililokuja kuwa Sykes.

Maana zamani Waingereza wa kawaida hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alikuwa John, basi. Wanormani walipotoka Ufaransa na kuiteka nchi mwaka 1066, wakubwa wenye mashamba ndio walioanza kurithisha majina, na wadogo wakafuata polepole. Huko kaskazini wengi hawakuwa na jina la kumwachia mtoto hadi karne ya 14. Kodi nayo ilisukuma: mwaka 1379 mfalme alitoza kodi ya kichwa, na karani alitaka kujua John yupi amelipa na John yupi amejificha. Mmoja akajulikana kwa kazi, kama Smith, mfua chuma. Mwingine kwa baba yake, kama Johnson, mwana wa John. Mwingine kwa umbo lake, kama Short, mfupi. Huyu nadhani hakuulizwa kama amelipenda. Kisha mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa 8, aliagiza kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Mtoto akishaandikwa kitabuni, jina halibadiliki kirahisi. Akina mama mnaofungia vyeti vya ubatizo ndani ya sanduku mnajua uzito wa karatasi hiyo.

Akina Sykes hawakusambaa haraka. Vilima vya magharibi mwa Yorkshire vina udongo hafifu na baridi kali, na watu waliishi kwa ng'ombe wachache na kufuma. Mama na watoto walichana sufu na kuisokota, baba akafuma, kitambaa kikapelekwa sokoni. Kazi ilikuwa ndani ya nyumba, kwa hiyo kijana hakuwa na sababu kubwa ya kwenda mbali. Hata mashine zilipokuja, viwanda vilijengwa mabondeni palepale kwa sababu ya maji. Wapo waliovuka vilima kwenda Oldham, wapo waliohamia Leeds, na wapo waliopanda meli kwenda Marekani, Canada na Australia. Lakini hadi leo, mahali lilipojaa zaidi nchini Uingereza ni Huddersfield na mabonde yake.

Wachache walipata sifa, nzuri au mbaya. Mark Sykes wa Sledmere, mashariki mwa Yorkshire, ndiye aliyekaa na Mfaransa Picot mwaka 1916 wakazigawanya nchi za Waarabu juu ya ramani, na wenyewe bado wanalia. Kanali William Henry Sykes yeye alimwandika kima wetu katika vitabu vya sayansi mwaka 1831, na tangu hapo Waingereza humwita kima huyo kwa jina la kanali. Hivyo hata mnyama anayewaibia ndizi ana jina la ukoo.

Sasa hilo jambo la nyumbani.

Mdogo wangu wa kike alifariki akaacha mtoto wa kiume wa miaka 3. Baba wa mtoto hakuwa amejitokeza tangu mwanzo. Kwa desturi zetu mimi ni mama yake mkubwa, na mume wangu hakungoja kuambiwa neno. Siku ya pili ya msiba alimbeba mtoto begani, akamwingiza kwenye basi pamoja na mabinti zetu wawili. Tumemlea. Mwaka juzi tulimwasili kisheria mahakamani, na mume wangu akataka abebe jina la ukoo wake.

Hapo ndipo baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, alipofunga safari kutoka Moshi. Ni mzee ninayemheshimu, na hakuja kwa ubaya. Alikunywa maji, akauliza habari za watoto, ndipo akasema: “Mwanangu, mlishe, msomeshe, hakuna atakayekulaumu. Lakini jina ni damu. Ukimpa jina umempa kihamba, na kihamba hakitoki nje ya damu.” Mimi nilikuwa nimeleta chai. Nikaweka vikombe nikarudi jikoni, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa haingilii maneno ya wakwe. Kijana alikuwa chumba cha pili, na kuta zetu ni nyembamba. Jioni ile hakula. Siku chache baadaye, akijiandaa kwa fomu za mtihani wa darasa la saba, aliniuliza kwa sauti ndogo, “Mama, mimi niandike jina gani?”

Ni binti yetu mkubwa, anayesoma biolojia chuo kikuu, aliyenisomea utafiti wa jina la Sykes. Nimeurudia mara nyingi tangu hapo, kamusi mkononi.

Bryan Sykes, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa profesa wa elimu ya vinasaba katika Chuo Kikuu cha Oxford. Aliulizwa kama ana undugu na Sir Richard Sykes, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni ya dawa ya Glaxo Wellcome. Hakujua, akaamua kupima. Kuna kromosomu iitwayo Y, ambayo baba humwachia mtoto wa kiume tu, kama Mwingereza anavyomwachia mwanawe jina. Ikiwa wote wametokana na babu mmoja, jina na kromosomu hiyo vingesafiri pamoja. Wawili hao walipopimwa walifanana. Profesa akawaandikia wanaume wengine wenye jina hilo, wasiojuana, bila kuchagua huyu wala yule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Karibu nusu yao walikuwa na alama moja ya kromosomu Y, na alama hiyo haikuonekana kwa majirani wasio na jina hilo. Watu walidhani jina lilianzia mahali pengi, maana vijito viko kila bonde. Yeye akasema inaelekea babu ni mmoja, aliyeishi miaka kama 700 iliyopita.

Akapiga na hesabu nyingine, ambayo sisi wanawake tuisome vizuri. Alikadiria kwamba katika kila kizazi ni wastani wa asilimia 1.3 tu ya watoto walioingia katika jina hilo bila kuwa na damu ya baba. Hawafiki 2 katika kila 100. Wake wa wafumaji wale, pamoja na baridi na njaa na waume wanaoshinda sokoni, wametetewa na hesabu.

Ila mimi nilisimama kwenye ile nusu nyingine. Hao nao ni akina Sykes. Wameandikwa katika madaftari yaleyale na kuzikwa katika makaburi yaleyale. Huenda baadhi yao walitoka kwenye kijito kingine kabisa. Lakini wengine unaweza kuwaona kwa macho: yatima aliyelelewa na mjomba akachukua jina lake, mtoto wa kambo aliyeitwa kwa jina la aliyemlisha, mkwe aliyechukua jina la kina mke ili shamba lisikose mwenyewe. Tena yuko mtoto wa msichana ambaye hajaolewa. Kule mtoto huyo aliandikwa kwa jina la mama. Fikirini hilo kidogo. Binti wa Sykes akizaa mvulana na mwanamume akakimbia, mvulana ni Sykes, na wanawe ni Sykes, na wajukuu wa wajukuu wanasimama leo mjini Huddersfield wakiwa Sykes, ingawa ile kromosomu ni ya mkimbizi. Jina limepita kwa mama yao. Wataalamu huwahesabu wote hawa pamoja na watoto wa uzinzi, katika kapu moja. Kwa hesabu yao labda inafaa. Kwa mtu aliyewahi kulea mtoto wa marehemu, haifai hata kidogo.

Majina mengine yana habari tofauti. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walieleza walivyopima majina 40. Akina Smith walionekana hawafanani kuliko watu wowote uliowaokota njiani, kwa kuwa mfua chuma alikuwepo kila mahali. Akina Attenborough, ambao ni wachache, karibu wote walifanana.

Nikarudi hapa kwetu. Sykes anayejulikana kuwa chanzo cha ukoo wa Dar es Salaam hakuwa Mwingereza. Alikuwa Sykes Mbuwane, Mzulu aliyetoka Inhambane, Msumbiji, akaja mwaka 1889 na askari wa Mjerumani Hermann von Wissmann waliopelekwa kupigana na Abushiri. Kwake Sykes lilikuwa jina lake mwenyewe. Ukoo ulikuwa Mbuwane. Mtoto wake alizaliwa Pangani mwaka 1894 akapewa jina la Kijerumani, Kleist, na kwa kawaida yetu ya kumwita mtu kwa jina lake na la baba, akawa Kleist Sykes. Hivyo neno la kijito cha Yorkshire likawa jina la ukoo kwa mara ya pili, safari hii ufukweni mwa Bahari ya Hindi, katika familia ya Kizulu, Kiislamu, yenye jina la Kijerumani katikati.

Mbuwane alifariki Kleist akiwa mdogo. Aliyemlea ni Effendi Plantan, mkuu wa askari wale Wazulu, katika nyumba moja na watoto wake. Kleist alikula kwa Plantan, akakua kwa Plantan, na jina akabaki na la marehemu baba yake. Ndiye aliyekuwa katibu wa African Association ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Alifariki mwaka 1949, na miaka mitano baadaye wanawe Abdulwahid na Ally walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa TANU. Kadi namba 1 ilikuwa ya Nyerere, namba 2 ya Ally, namba 3 ya Abdulwahid.

Habari hii ya Kleist ilinisumbua zaidi ya ile ya Huddersfield, kwa sababu haikuniunga mkono moja kwa moja. Hapa kuna mtoto aliyelelewa vema bila kupewa jina la mlezi, na hakupungukiwa. Nilimsimulia kijana yote mawili, usiku umeme umekatika, mume wangu akisikiliza. Nilidhani atauliza juu ya vinasaba. Aliuliza, “Kleist aliulizwa anataka lipi?” Mume wangu akamwambia, “Hilo halijaandikwa. Wewe unaulizwa.” Akasema anataka la baba, akatoka nje kuangalia kama taa za jirani zimewaka.

Mume wangu alimpelekea baba mkubwa habari hiyo mwenyewe, ana kwa ana. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Juu ya akina Sykes wa Huddersfield alisema hao ni Wazungu na mambo yao. Juu ya Plantan aliuliza alikuwa na watoto wangapi wa kuwazaa.

Fomu tumeijaza: jina lake, la mume wangu, na la ukoo. Kuhusu kihamba hakuna kilichoamuliwa, na sijui kama kitaamuliwa mzee akiwa hai. Desemba tulipokwenda mlimani, asubuhi ya pili, alimwita kijana waende kupanda masale mapya kwenye mpaka wa chini, kando ya mfereji, yale ya zamani yakiwa yamekauka. Walikaa huko mpaka chai ikapoa. Kijana alirudi na matope hadi magotini, akaniambia ameonyeshwa mahali mpaka unapoanzia na mahali unapoishia.